Maji yanayotoa povu zuri na kuivisha maharage haraka, kumbe ndiyo yenye floraidi: tujadili maji ya Meru na mawe yake

mwana_kisima (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi wenyewe ni mrefu, mnivumilie. Jambo hili limenikaa kooni tangu Machi na nina hakika haliko kwetu peke yetu.

Nyumbani ni upande wa kusini mashariki wa Mlima Meru, kati ya Usa River na Maji ya Chai. Miaka sita iliyopita tulichanga ukoo mzima tukachimba kisima. Maji yakatoka meupe peee, hayana harufu, hayana chumvi. Mchimbaji akayaonja, akatuambia tuna bahati. Na sisi tuliona bahati kweli. Siku ya kwanza mama alifua kwa kipande cha sabuni kilichobaki kama ukucha, povu likajaa beseni. Maharage yaliyokuwa yakimaliza mkaa wa debe zima yakawa yanaiva upesi kama yametiwa magadi. Majirani wakaanza kuja na madumu, na hatukumnyima mtu.

Mtoto wa kaka yangu alikuwa na mwaka mmoja wakati huo. Mwaka huu ametimiza saba na meno ya mbele ya ukubwani yameota. Yameota na mistari myeupe iliyofifia kama chaki, imekatiza jino kwa upana. Aliyekulia Arusha hahitaji kuambiwa mistari hiyo inakuwa nini baadaye. Inakuwa kahawia. Mimi mwenyewe nilisoma bweni mkoa mwingine na nilijulikana natokea wapi kabla sijasema jina. Nilijifunza kucheka nimefunika mdomo, na tabia hiyo ninayo hadi leo.

Nikachukua maji kwenye chupa ya plastiki (maabara walisisitiza plastiki, si kioo), nikayapeleka kupimwa. Majibu kwa lita moja: floraidi (chumvi inayoharibu meno ikizidi) miligramu 9.4, sodiamu 210, bikaboneti 520, kalsiamu 3 tu. pH, kile kipimo cha asidi (ikiwa chini maji yana asidi, ikipanda yanaelekea magadi), 8.6. Kiwango cha juu cha floraidi kwa maji ya kunywa kwa WHO (Shirika la Afya Duniani) ni miligramu 1.5, na Tanzania nayo tangu 2018 inatumia hiyo hiyo. Miaka ya 1970 sisi tulikuwa tunaruhusu mpaka 8 vijijini, kwa sababu maji mengine hayakuwepo.

Nilipoona namba nilidhani tumechimba kwenye jiwe baya, basi. Nimesoma miezi mitatu sasa na nimeelewa jambo ambalo sikuwahi kuambiwa. Tatizo kubwa ni ile kalsiamu 3 kuliko hata hiyo floraidi 9.4. Yaani ule ulaini tulioufurahia, povu na maharage, ndio uliofungulia floraidi mlango.

Naeleza nilivyoelewa, wataalamu mnirekebishe.

Mvua ikidondoka Meru ni maji karibu matupu. Ikipita kwenye udongo inabeba hewa ya kaboni dayoksaidi inayotolewa na mizizi na vijidudu, inakuwa asidi dhaifu. Asidi hiyo inakutana na mawe ya volkano yetu, ambayo yana sodiamu nyingi na kalsiamu haba. Kuna madini yanaitwa nefelini, yanaoza upesi kuliko mengi. Asidi inayala, sodiamu inatoka, inabaki bikaboneti, na mabaki ya jiwe yanageuka udongo wa mfinyanzi. Kadiri maji yanavyokaa chini ndivyo asidi inavyokwisha na pH inavyopanda. Ikishapanda, ile kalsiamu kidogo iliyokuwemo inashikana na kaboneti na kuganda kuwa chokaa ndani ya nyufa. Mafundi wa kuchimba wanaijua, ile mishipa myeupe kwenye mawe wanayoyatoa chini.

Floraidi nayo ina askari mmoja tu wa kuikamata majini, naye ni kalsiamu. Zikikutana za kutosha zinaganda kuwa jiwe liitwalo floraiti na kutulia. Kwetu askari ameshazikwa njiani ndani ya chokaa kabla floraidi haijawa nyingi. Hakuna wa kuizuia.

Naomba michango. Na kama una kisima ukanda huu na hujawahi kupima floraidi, nakusihi upime.

dada_wa_Kikatiti

Kaka, umenigusa. Sisi tunachemsha maji yote ya kunywa, nina watoto wawili wadogo. Kuchemsha hakusaidii?

mwana_kisima

Dada yangu, kuchemsha kunaua vimelea na hapo endelea hivyo hivyo, usiache. Lakini floraidi si kimelea, ni chumvi iliyoyeyuka. Mvuke unaoondoka ni maji matupu, floraidi inabaki sufuriani. Ukichemsha lita tano zikabaki nne na nusu, floraidi ile ile sasa iko kwenye maji machache zaidi. Chujio la kitambaa halifai kitu hapa, vidonge vya klorini pia.

Hao watoto wana umri gani? Nauliza kwa sababu meno ya ukubwani yanajengwa ndani ya fizi tangu utotoni mpaka kama miaka minane. Madhara ya meno yanaingia wakati huo. Kama huna uwezo wa kusafisha maji ya nyumba nzima, anza na maji yao ya kunywa, ya uji na ya chai.

mpwani_kisiwani

Assalaam alaikum wana jukwaa. Mimi niko Unguja, na nikisoma habari zako naona kama tunaishi dunia mbili. Sisi maji ya kisima povu halitoki mpaka uchoke. Birika likikaa miezi miwili linaota utando mweupe ndani, ukilitikisa vinabanduka vigamba. Maharage yakitiwa maji hayo yanakaa magumu mpaka jioni. Ina maana sisi ndio tuko salama?

mwana_kisima

Waalaikum salaam. Kwa floraidi, kwa kawaida nyie mko pazuri kuliko sisi. Mwamba wenu ni wa matumbawe, ambayo yenyewe ni chokaa tupu. Ile asidi dhaifu ya mvua ikipita hapo inayeyusha kalsiamu na kuibeba. Ukichemsha, kaboni dayoksaidi inatoka na chokaa inarudi kuwa jiwe kwenye birika. Kamulia limau juu ya hivyo vigamba uone vinavyochemka povu, ndiyo ile hewa inatoka tena.

Kwa maneno mengine, kilichotokea ndani ya birika lako ndicho kilichotokea chini ya shamba letu. Tofauti ni kwamba nyie kalsiamu haiishi, kila hatua maji yanakanyaga matumbawe. Sisi iliyokuwepo iliganda ikaisha.

Na maharage ni hiyo hiyo. Kalsiamu inakaza gundi inayoshikilia ganda la haragwe. Sodiamu na bikaboneti zinailegeza. Mababu walijua hilo bila maabara, ndiyo maana magadi.

Ila nyie pwani angalieni maji ya bahari yanayoingia visimani mkivuta kupita kiasi, na vyoo vilivyo karibu. Matumbawe yana matundu mengi, uchafu unapita upesi.

mwl_kemia

Nimefuatilia. Mleta uzi umeeleza vizuri, lakini nataka tutie namba ili watu waone uzito wa kalsiamu, kisha nina onyo.

Floraiti ina kanuni yake ya kuyeyuka: kiasi cha kalsiamu mara kiasi cha floraidi mara floraidi tena hakivuki kikomo fulani, karibu 3 gawanya kwa bilioni 100 ukihesabu kwa moli (kipimo cha wanakemia cha idadi ya chembe) kwa lita. Kikivuka, jiwe linaganda. Sasa pigeni hesabu, nami naacha marekebisho madogo ya chumvi nyingine. Maji yenye kalsiamu miligramu 100 kwa lita yanaweza kubeba floraidi kama miligramu 2. Kalsiamu ikiwa 40, floraidi inaweza kufika 3 na kitu. Ikiwa 4, inafika 10 na kitu. Ikiwa 1, inapita 20. Ukipunguza kalsiamu mara kumi, dari ya floraidi inapanda mara tatu hivi.

Kwa kisima chako chenye kalsiamu 3, dari ni kama 12. Wewe una 9.4. Maana yake maji yako bado yana nafasi, yakikutana na floraidi zaidi yataibeba.

Kuna jambo la pili hujaligusa. pH ikiwa juu, majini kuna ioni (chembe zenye chaji) nyingi za haidroksidi, na ioni hiyo inakaribiana sana kwa ukubwa na ile ya floraidi, na chaji yao ni moja. Ndani ya madini kama apataiti na maika floraidi imekaa kwenye kiti ambacho haidroksidi nayo inaweza kukaa. Maji ya pH ya juu yanaingiza haidroksidi na kuitoa floraidi. Kwa hiyo mawe yetu yanapigwa pande mbili, floraidi inasukumwa itoke na kalsiamu ya kuirudisha haipo.

Na jino lako limejengwa kwa apataiti hiyo hiyo. Kiti ni kile kile. Kidogo cha floraidi kinaliimarisha jino, ndiyo maana iko kwenye dawa ya meno. Ikizidi wakati jino linajengwa, inavuruga ujenzi, linatoka na vinyweleo, yaani vitundu vidogo sana. Rangi ya kahawia inaingia baadaye kupitia vinyweleo hivyo.

Onyo langu: watu wasitoke hapa wakisema "maji yenye povu ni sumu". Maji ya mvua ni laini kabisa na floraidi yake ni kidogo mno. Chemchemi nyingi za Kilimanjaro ni laini na ni nzuri, kwa sababu maji yake hayajakaa na jiwe muda mrefu. Ulaini ni dalili ya kukufanya upime, haukupi jibu.

mwana_kisima

Mwalimu, nashukuru sana. Hilo la mvua nakubali, niliandika kwa hasira nikalisahau. Naongeza kwa wasomaji: dalili yenye nguvu zaidi ni ulaini pamoja na pH ya juu pamoja na sodiamu nyingi. Vitatu hivyo kwa pamoja, ukanda wa Bonde la Ufa, usilale bila kupima.

mkaaji_wa_bonde

Hamjambo. Mimi niko Nakuru, na hii hadithi ni yetu pia. Watu wa hapa meno ni hayo hayo, na wazee wengine migongo imekakamaa.

Ningependa tufuate hayo maji mpaka mwisho wa safari, kwa sababu hayaishii kisimani. Maziwa yetu mengi ya bonde hayana njia ya kutokea. Mto unaingia, jua linakausha, chumvi inabaki. Mwaka wa 1970 wanajiolojia Hardie na Eugster walieleza jinsi maji ya namna hii yanavyogawanyika njia panda. Wazo lao ni rahisi. Madini ya kwanza kuganda ni chokaa, na inachukua kalsiamu na kaboneti kwa kipimo sawa. Basi swali ni nani alikuwa mwingi tangu mwanzo. Kama kalsiamu ilikuwa nyingi, kaboneti inakwisha na ziwa linaelekea kuwa na kalsiamu. Kama bikaboneti ilizidi, kalsiamu ndiyo inakwisha, na ziwa linaishia kuwa la magadi. Tofauti ndogo sana kule mlimani, kwenye tone la chemchemi, inaamua ziwa zima litakuwa la aina gani.

Ndivyo tulivyopata Ziwa Magadi huku na Natron kwenu. pH inapita 10, ngozi inateleza ukishika maji. Eugster aligundua pale Magadi madini ambayo hayakuwa yamejulikana kabla, yakaitwa magadiaiti na kenyaiti. Na pale pale, kwenye chemchemi za moto kandokando, kuna samaki wadogo wanaishi. Samaki wengi hutoa uchafu wao kama amonia kupitia matamvua, lakini kwenye maji ya pH hiyo amonia haitoki vizuri, kwa hiyo wale wanatoa yurea kama sisi. Mimi nimesimama pale nikiwaangalia wakila mwani juu ya mawe, na nilishindwa kuondoka.

Kuhusu floraidi, hati za WHO zinataja kwamba Ziwa Nakuru liliwahi kupimwa miligramu 2,800 kwa lita. Linganisha na hiyo 1.5. Hakuna anayekunywa ziwa, lakini inaonyesha floraidi inavyojilimbikiza ikikosa kalsiamu wa kuishika.

mwana_kisima

Ahsante sana jirani. Na huko Natron, kusini yake yupo Ol Doinyo Lengai, mlima pekee duniani unaojulikana kutapika lava ya kaboneti za sodiamu katika zama zetu. Inatoka nyeusi, baridi kwa lava, nyuzi 500 hadi 600 tu. Ikikaa na unyevunyevu wa hewa inageuka nyeupe kwa muda mfupi. Moja ya madini yake limepewa jina la Mwalimu Nyerere, nyerereiti. Magadi yanayotoka mlimani moja kwa moja yakiwa moto, halafu mvua inayayeyusha na kuyashusha ziwani.

mama_makande

Naomba kuuliza mwenzenu ambaye sikusoma kemia. Mmetaja magadi. Mimi natumia magadi ya kununua sokoni kwenye makande kila wiki, yale ya mawe yenye vumbi. Nayo yana hiyo floraidi?

mwl_kemia

Mama, shikamoo. Ndiyo, yanaweza kuwa nayo, na mengine mengi sana. Magadi yanayochotwa juu ya ardhi ni masalio ya maji yaliyokauka, na kila kilichokuwemo majini kimebaki humo. Tanzania kuna utafiti wa miaka ya 1990 uliokuta watoto wenye madoa mengi ya meno kwenye vijiji ambavyo maji yake yalikuwa na floraidi ndogo, na magadi ya chakula ndiyo yaliyoonekana kuwa chanzo. Magadi hayafanani, ya eneo hili si ya eneo lile, na kwa macho huwezi kuyatofautisha.

Ushauri wangu: loweka maharage na mahindi usiku kucha, mwaga yale maji, kisha chemsha kwa maji mengine. Yataiva. Watoto wadogo wasile chakula cha magadi.

mama_makande

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa. Nitaloweka.

fundi_bomba_TZ

Wakuu, sasa suluhisho. Maana watu watasoma hapa wakate tamaa.

Kama una bati, kinga mvua. Ni njia rahisi kuliko zote kwa maji ya kunywa. Mwaga mvua ya kwanza inayoosha bati, kinga inayofuata, tenki lifunikwe.

Wahindi wana njia ya Nalgonda, shabu na chokaa. Unakoroga, unaacha yatuame, unachota ya juu. Inafanya kazi, lakini kwa maji ya 9 na kuendelea shabu inahitajika nyingi, na lile tope la chini lina floraidi, huwezi kulimwaga shambani ovyo.

Huku kwetu kilichozoeleka ni mkaa wa mifupa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi hiyo miaka mingi. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, nyuzi 400 mpaka 500, inasagwa punje punje, inajazwa kwenye ndoo au pipa, maji yanapita. Mwalimu ameeleza tayari bila kusema: mfupa ni apataiti, una vile viti. Floraidi inaingia na kukaa.

Rangi ya mkaa iangalieni sana. Ukiwa mweusi tii haukuiva, maji yatanuka na kuwa na rangi. Ukiwa mweupe umeungua kupita kiasi, uwezo umepungua. Mzuri ni wa kijivu.

binti_wa_Moshi

Fundi, samahani, hao ng'ombe unajuaje kama ni ng'ombe tu? Bibi yangu ni Mwislamu na hawezi kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa ya mnyama asiyemjua.

fundi_bomba_TZ

Swali zuri dada, na ni haki yake. Chukua kwa mtengenezaji anayeweza kukuonyesha machinjio anakotoa mifupa. Kama hakuna, au kama moyo wake haukubali, mwekee bibi tenki la mvua. Asilazimishwe.

mwana_kisima

Narudi na matokeo, ni wiki ya kumi na moja tangu nifungue uzi.

Nilinunua kilo 10 za mkaa wa kijivu, nikajaza kwenye pipa dogo lenye bomba chini. Tunachuja lita 20 kwa siku, za kunywa na kupika tu. Kuoga na kufua tunatumia kisima kama kawaida. Wiki ya kwanza nilipima: 0.4. Wiki ya tano: 0.6. Juzi: 1.3.

Nilikuwa nimepiga hesabu kabla. Nikichukulia gramu moja ya mkaa inabeba miligramu 2 za floraidi, kilo 10 zinabeba gramu 20. Kila lita inaacha pale kama miligramu 9. Inakuja kama lita 2,200, yaani siku 110. Sasa ni siku ya 77 na tayari imefika 1.3, kwa hiyo mkaa wangu ni dhaifu kuliko nilivyodhani, au maji yanapita upesi mno. Nimekaza bomba lidondoke polepole. Maji kwa mwonekano na ladha hayajabadilika hata kidogo tangu siku ya kwanza. Nisingepima nisingejua.

Majirani watano wameacha kuchota ya kunywa kwetu baada ya kuwaeleza, wawili wanaendelea, wanasema babu zao walikunywa. Sikubishana nao. Nimewaomba waniruhusu nipime chupa zao na za watoto wao wanakosoma.

Mwalimu, swali langu la mwisho kwa leo: mkaa uliochoka naweza kuufufua nyumbani?

mwl_kemia

Unafufuliwa kwa magadi makali ya viwandani (kostiki soda), yale ya kutengenezea sabuni, si ya chakula. Haidroksidi inaingia kwenye kiti, floraidi inatoka, kitu kile kile kinachotokea ndani ya mawe ya Meru. Lakini usifanye nyumbani. Yanaunguza ngozi na macho, na yale maji ya kuoshea yanabeba floraidi yote uliyoikusanya kwa miezi mitatu, utayamwaga wapi? Rudisha mkaa ulikonunua, au ufukie mbali na kisima, uweke mwingine. Na ukifika 1.5 usisubiri ifike 2.

mwana_kisima

Sawa mwalimu. Mkaa mpya naufuata Jumamosi. Chupa za wale majirani wawili nimeshazipata, za plastiki, zimeandikwa tarehe. Namba zikitoka naziweka hapa hapa.